Wachoraji wanawake wa enzi ya Edo: tuwaite waasi?

Wakuu, kila mchoraji wa kike wa Japani ya enzi ya Edo (1603–1868) siku hizi anaitwa "mwasi". Kwa maoni yangu jina hilo linawapunja. Anayepinga aje.

Ike Gyokuran wa Kyoto (1727–1784) husifiwa kwa kukataa kunyoa nyusi kama wake za watu walivyotakiwa. Sawa. Lakini bibi yake Kaji na mama yake Yuri waliendesha mgahawa wa chai pale Gion, mtaa wa Kyoto, na wote wawili walikuwa washairi. Akaolewa na mchoraji Ike Taiga. Mume akamfundisha kuchora, yeye akamfundisha mume kutunga mashairi. Huyo alimwasi nani?

Au Ōtagaki Rengetsu (1791–1875). Alizika watoto, akazika mume, mwaka 1823 akanyoa kichwa akawa mtawa wa Kibudha. Baba yake wa kulea alipofariki, akatafuta riziki kwa kufinyanga mabuli na vikombe, akichonga mashairi yake kwenye udongo. Vilinunuliwa mpaka wakazuka waigaji, naye inasimuliwa kwamba aliwasaidia kwa kuwaandikia mashairi kwenye vyombo vyao bandia! (Nampenda kuliko wote.) Kanzu ya utawa ndiyo iliyomruhusu kuishi peke yake, kuhamahama na kukaa na washairi wanaume bila kusemwa.

Mchangiaji wa pili:
Mkuu, mbona umemruka Katsushika Ōi, binti wa Hokusai, yule mchoraji maarufu? Aliolewa na mchoraji, akawa anazicheka kazi za mumewe, wakaachana. Akarudi kwa baba, wakaishi nyumba chafu wakichora tu, habari za kupika hakuna. Hokusai mwenyewe anasemekana alikiri kwamba kwa picha za warembo binti anamshinda. Kama huyo si mwasi, basi neno hilo tulifute kwenye kamusi.

Mleta mada:
Sikumruka, nilikuwa namsubiri. Baada ya talaka alirudi wapi? Kwenye karakana ya baba, penye rangi, karatasi na wateja. Gharama yake ni kwamba kazi zenye jina lake zilizobaki zinahesabika. Tazama ile picha yake ya usiku wa Yoshiwara, mtaa wa madanguro, iliyoko Makumbusho ya Ota, Tokyo: giza, wanawake nyuma ya nondo za mbao, mwanga wa taa ukimwagika barabarani. Herufi za majina yake amezificha kwenye taa zenyewe. Mwasi gani anajificha hivyo?

Mkishamwita mwasi mnaridhika, na swali gumu linabaki pale pale: picha za uzeeni mwa Hokusai, aliyefariki 1849 akikaribia miaka 90, ni mkono wake au wa binti yake uliozichora? Mimi ningetaka makumbusho ziandike "karakana ya Hokusai" kwenye kila picha ya miaka ile yenye utata. Wangapi mko tayari kumpunguzia mzee sifa?