Vitabu vya wanyama: mnawasomea nini watoto huku?

Mama wa watoto wawili, Minneapolis:

Ndugu zangu, hamjambo. Naomba msaada wa mawazo. Mwanangu wa kiume ana miaka 9 na anapenda wanyama kupita kiasi. Juzi tulikuwa na kitabu cha picha, akaniuliza huyu anaitwaje kwa Kiswahili. Nikasema swala. Akafunua, nikasema swala. Akafunua tena, nikasema swala. Akaniangalia, akauliza, "Mama, wote ni swala?" Iliniuma. Marehemu babu yangu kule Taveta alikuwa akiwataja mmoja mmoja, pofu, kuro, kongoni, tandala, na mimi nimekaa palepale.

Vitabu vya watoto vilivyopo maktaba ya hapa vina simba, tembo, twiga na machweo. Binadamu hayumo kabisa, kana kwamba kwetu hakuna anayeishi. Mwenye uzoefu aniambie: kipi kinafaa kununuliwa, kipi cha kuazima, na mnawasomea kwa lugha gani?

Baba, Leicester:

Dada, hilo la majina limenigusa. Sisi lilitusaidia jambo dogo tu. Tafuta mwongozo wa mamalia wa Afrika wa Jonathan Kingdon, uliotoka mwaka 1997. Yule bwana alizaliwa Tabora mwaka 1935, akafundisha Makerere miaka mingi, na picha kachora mwenyewe kwa mkono. Ndiyo maana ukimtazama mnyama wake unaona hata anavyogeuza shingo.

Kitabu ni cha Kiingereza, kwa hiyo kila Jumapili nilimpigia mama yangu Singida, tunamweleza mnyama alivyo, naye anatupa jina. Binti yangu analiandika kwa penseli pembeni ya mchoro. Hapo ndipo alipojifunza kwamba korongo ni mnyama mwenye pembe zilizopinda nyuma, ni ndege mwenye miguu mirefu, na tena ni bonde lililochimbwa na maji. Alicheka wiki nzima. Palahala, yule mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma kama upanga, tulibishana naye bibi kwa simu nusu saa.

Usinunue kipya. Nakala iliyotumika ni sawa kabisa, mradi kurasa za rangi ziwepo zote. Au nenda maktaba ya mtaa, na kama hawana, omba wakiagize kutoka maktaba nyingine. Watu wengi wa kwetu hawajui kwamba huduma hiyo ipo. Ulizia ada mapema tu, maana kila mahali wana utaratibu wao.

Cha kusimulia usiku, mimi nachukua cha Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, cha mwaka 1971, In the Shadow of Man. Sisomi neno kwa neno. Nasoma ukurasa kimyakimya, halafu namsimulia binti kwa Kiswahili. Yule sokwe David Greybeard kwetu ni Daudi Mwenye Mvi. Alipofika pale anapochomeka unyasi kwenye kichuguu na kuuvuta umejaa mchwa, mtoto aliruka kitandani. Dosari moja naiona: Watanzania waliokuwa wakiwafuata sokwe msituni Gombe siku baada ya siku hawana nafasi wanayostahili vitabuni. Hilali Matama ndiye aliyeshuhudia kwa macho yake sokwe wakimshambulia mwenzao hadi kumwacha mahututi, Januari 1974. Kitabu hicho ni cha kabla ya hapo, lakini mimi humtaja kila ninaposimulia. Mtoto ajue kwamba jicho lililoona lilikuwa la Mtanzania.

Shangazi, Hamburg:

Wanangu, salamu. Mimi nimezaliwa Karatu, kwa hiyo niruhusuni niseme kuhusu kitabu ambacho huku Ujerumani kila nyumba ya wazee inacho: Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti isife, cha mtaalamu wa wanyama Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, cha mwaka 1959. Nilikisoma nilipokuwa najifunza Kijerumani, kamusi mkononi.

Kinasisimua, siwezi kukataa. Baba na mwana wanaruka na ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia, wanahesabu wanyama. Januari 1959 Michael akagongana na tai angani, akafa. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na baba yake akazikwa hapohapo mwaka 1987. Nimelipita kaburi hilo mara nyingi kabla sijajua ni la nani.

Lakini kwa Grzimek hifadhi ni mahali pasipo watu. Wamasai wanaonekana kama kosa la kurekebishwa, na mwaka huohuo wa 1959 walitolewa Serengeti. Ukimwachia mtoto wa miaka 9 asome peke yake, atameza na hilo pia. Mimi wajukuu wangu nawasomea nikiwa nimekaa nao, na tukifika hapo nafunga kitabu nawauliza: ng'ombe wa hawa watu wataenda kunywa wapi?

Tena kuna jambo moja zuri la kuwaeleza, ambalo waandishi wasingeweza kulijua wakati ule. Hesabu yao ya mwaka 1958 ilipata nyumbu wasiofika 100,000. Leo ni zaidi ya 1,000,000. Kilichokuwa kinawamaliza ni sotoka, ugonjwa uleule wa ng'ombe. Ng'ombe wa wafugaji walipochanjwa, ndama wa nyumbu wakaacha kufa, na kufikia miaka ya 1970 mbuga ilikuwa imejaa. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani kote. Kwa hiyo nyumbu wale wanaopigwa picha wakivuka mto Mara wanadaiwa shukrani na sindano aliyodungwa ng'ombe wa mfugaji. Wajukuu wangu hii wameishika kuliko hadithi ya ndege yenye milia.

Mwalimu mstaafu, Muscat:

Shikamoo shangazi. Nyongeza fupi. Walioko Ghuba wasidhani wanyama wote wako Afrika. Hapa Oman wapo choroa weupe, wanyama wa jamii ya swala wenye pembe ndefu. Porini waliisha mwaka 1972, wakarudishwa mwaka 1982 katika jangwa la Jiddat al-Harasis kutokana na waliokuwa wamefugwa nje ya nchi, na walinzi wao wakawa Waharasisi wenyewe, watu wa jangwa hilo. Wajukuu wangu waliozaliwa hapa walipojua kwamba choroa ana ndugu yake Kenya na Tanzania, mwenye jina hilohilo, walianza kuniuliza Kiswahili bila kulazimishwa. Anayekuja likizo asibebe vitabu vikubwa kwenye begi la mkononi. Mimi nimelipia uzito ule zaidi ya bei ya kitabu chenyewe.

Mama wa watoto wawili, Minneapolis:

Shikamoo shangazi, shikamoo mwalimu. Asanteni nyote. Natoa ripoti ya wiki tano.

Kitabu cha Kingdon kilifika maktaba baada ya siku 12, bure. Tulikipenda, nikanunua nakala iliyotumika. Pia nimechukua Unbowed cha Wangari Maathai, cha mwaka 2006. Ni cha watu wazima, na sehemu za siasa nimeziruka kwa sasa, lakini sura ya utotoni inasomeka na mtoto. Mama yake alimkataza kuokota kuni chini ya mugumo, mti wa Mungu. Kando yake palikuwa na kijito, naye akidhani mayai ya vyura ni shanga, anajaribu kuyaokota ayavae shingoni, yanamponyoka. Baadaye anarudi, mti umekatwa, kijito kimekauka. Mwanangu alinyamaza, kisha akauliza vyura walikwenda wapi. Sikuwa na jibu. Nimemwambia tutafute pamoja, na sasa tunasoma jinsi mizizi inavyoshika maji.

Nikimaliza naweza kumpelekea yeyote aliye hapa Marekani. Posta ina kiwango nafuu cha vitabu, Media Mail, mwambieni karani mapema. Nje ya nchi hakifiki, samahani shangazi.

Mjomba wangu Taveta ndiye tunayempigia Jumapili. Mtoto sasa anatenganisha kuro, tohe na pofu bila kusita, na ukurasa wa pofu una jina la Kitaveta pia kwa penseli. Tumekwama kwa bweha masigio, yule mwenye masikio makubwa: mjomba anasema kwao wana jina jingine, ila halimjii. Ameahidi kumuuliza jirani yake mzee, kisha atupigie yeye.