Tupeane uzoefu: mliowahi kujitolea na polisi mtaani, Nyumba Kumi na doria

Mama Wawili, Nakuru: Jana barazani chifu alitaka tuchague upya kamati ya Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kushirikiana kulinda mtaa. Watu kimya. Nikakumbuka mambo yalipoanza 2013 baada ya shambulio la kigaidi la Westgate, Nairobi, tulivyogombania nafasi hizo. Mliojitolea, yaliwapata yapi?

Mulembe: Unapiga simu saa nane usiku, unaambiwa gari halina mafuta. Hayo ndiyo yangu.

Nyota ya Kisumu: Na mafuta yakipatikana, unaombwa uchangie!

Jirani wa Kaptembwo: Mimi sijawahi kuandika haya. Tulikuwa doria, tochi na filimbi tu. Tukasikia kelele za mwizi upande wa Rhonda. Kufika, kijana ameshavuliwa shati, tairi liko hapo, mtu anatafuta kiberiti. Mzee wetu wa mtaa akapenya akajilaza juu ya yule kijana. Sisi tukashikana mikono tukawazunguka. Mawe yakatushukia. Jirani ninayekopeshana naye unga akaniita mwenzao wa wezi, huku ananitazama usoni. Nilipiga 999 hadi simu ikazima. Polisi walifika kumepambazuka. Kijana kumbe alikuwa anawahi zamu ya asubuhi kwenye bekari. Mzee alivunjika mkono, akatibiwa kwa mchango wa kanisa. Hakuna ofisi iliyomuuliza hali.

Mulembe: Uwii! Mzee yuko?

Jirani wa Kaptembwo: Yuko. Mkono haunyooki.

Nyalenda Juu: Ndiyo maana nasema mpewe bunduki kama polisi wa akiba.

Mpenda Sheria: Usichanganye. Polisi wa akiba wamo kwenye Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, wanaamriwa na polisi. Nyumba Kumi kazi yao ni kupasha habari. Raia akiona kosa kubwa likitendeka anaweza kumshika mtu, kifungu cha 34 cha sheria ya mwenendo wa jinai, lakini cha 35 kinamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Kipigo hakimo.

Nyalenda Juu: Vifungu havilali huku kwetu. Wewe una askari getini.

Mpenda Sheria: Getini wapi? Nimepanga Obunga, chumba kimoja.

Dada wa Bungoma: Mnagombana bure, hatari ni siri kuvuja. Nilipeleka jina la muuza chang'aa kituoni asubuhi. Jioni alinirudishia maneno yangu neno kwa neno. Nilihama.

Nyota ya Kisumu: Pole sana. Kila ripoti dai namba ya OB, kile kitabu cha matukio kituoni.

Mulembe: Asidai! Jina likiingia kitabuni linasomwa na kila apitaye.

Dada wa Bungoma: Ningejua IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia polisi, wanapokea malalamiko ya namna hiyo, ningeenda.

Babu Shamba: Olewa na polisi, yaishe.

Mama Wawili, Nakuru: Babu, mwache dada wa watu. Jirani, mzee wako angekubali kuja kuongea barazani kabla hatujachagua? Nauli juu yangu. Na nitamwuliza chifu mbele ya watu: mjitoleaji akiumia, nani analipa hospitali?

Jirani wa Kaptembwo: Nitamfikishia leo.