Utani msibani: kikundi cha kuzikana kiuwekee mipaka au tuuache?

Katibu wa Nkuhungu
Mbukwenyi ndugu zangu. Rasimu ya katiba ya kikundi chetu cha kufa na kuzikana ina kifungu kinachotaka utani wote, yaani mizaha ya makabila na koo zinazotaniana, usitishwe tangu mwili ufike nyumbani hadi kaburi lifukiwe. Sababu ni muda. Mwili unatoka mochwari saa sita, maziko ni saa kumi. Mtani mmoja akizuia mlango, mwingine akilala kaburini, jua linazama watu bado wanabembelezana. Mnasemaje?

Mtani wa Manyoni
Anayechelewesha maziko hajui kazi ya mtani. Mtani anafika mapema, anajitambulisha kwa mzee wa msiba kabla hajagusa kitu, kisha anashika sururu, maana ardhi ya huku kiangazi jembe pekee haliiwezi. Utani anaufanya humo humo akichimba. Atavaa koti la marehemu, ataiga mwendo wake na kikohozi chake. Akilala kaburini anapewa 500 au 1,000, anatoka, anaendelea na kazi. Dakika tano tu. Hela hiyo ni ishara kwamba wafiwa wamempokea. Ikifika 20,000, mfiwa anaanza kuhesabu, na anayehesabu hacheki.

Dada wa Area C
Sawa, lakini misiba haifanani. Mtoto mchanga, mama aliyefia uzazi, kijana aliyejiua: hapo ukimwiga marehemu unamuua mzazi naye. Na mji umebadilika. Tangu serikali itangaze mwaka 2016 kuhamia hapa Dodoma, mtaa mmoja una watu wa mikoa kumi. Mgeni akiona mtu kanyakua sufuria la pilau anaita mwizi. Halafu tuseme ukweli, Wagogo kwa kuomba hamjambo, hata msiba mmeufanya mtaji.

Mwana Bahi
Ulikuwa unaongea vizuri mpaka hapo mwisho. Sentensi hiyo ifute.

Unajua inatoka wapi? Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920. Vita ya Wajerumani na Waingereza ilipita Ugogo, majeshi ya pande zote mbili yakachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua nayo ikakata. Watu walikufa kwa maelfu, waliobaki wakatawanyika kutafuta chakula ugenini. Hicho ndicho unachokichekea.

Dada wa Area C
Mimi Mhehe wa Iringa. Kila siku mnatuambia tunakula mbwa, tunanyamaza. Leo mtani kajibu, mnamletea vita ya Wajerumani?

Mwana Bahi
Sasa ndiyo unajitambulisha! Ungetanguliza hilo nisingekasirika. Neno lile lile bila kujitaja ni tusi, na kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu kinachohusu lugha ya matusi hakina mlango wa "nilikuwa natania".

Kijana wa Chang'ombe
Kwa hiyo ni Mhehe tu anayeruhusiwa? Mnyamwezi je?

Mzee wa Mpwapwa
Wanangu, poleni na jazba. Mnyamwezi naye yumo. Karne ya 19 wapagazi wao walivuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji, wakiingia Ugogo wanadaiwa hongo, yaani ushuru wa njia, na watemi ndipo waruhusiwe visimani. Mwenye maji anataka bidhaa, mwenye bidhaa ana kiu. Mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown aliandika mwaka 1940 kwamba watu wanaovutana hivyo, wanahitajiana na wanagongana, huwekeana ruhusa ya kuvunjiana heshima bila kinyongo. Kwetu Wagogo utani upo hata baina ya ukoo na ukoo, tena ukoo mtani ndio wenye kazi za msiba ambazo wafiwa hawawezi kujifanyia.

Kwa hiyo tusitazame neno peke yake. Utani wa njaa ni halali kwa yule ambaye njaa ikirudi atabisha hodi na debe la uwele. Asiyeweza kuja na debe, anyamaze.

Kijana wa Chang'ombe
Basi Simba na Yanga tusiwaite watani wa jadi. Hawana wajibu wa kuzikana.

Mtani wa Manyoni
Wana zamu, kijana. Aliyefungwa leo anavumilia kwa sababu kesho ni yake. Utani ukiwa wa upande mmoja miaka nenda rudi, huo ni uonevu. Ndiyo maana bosi hamtanii mfanyakazi wake kisha akadai ni utani, maana yule hawezi kurudisha.

Katibu wa Nkuhungu
Jamani, kifungu! Naandika hivi: mtani ajitambulishe kwa mzee wa msiba, kiasi kisizidi 1,000, jeneza lisizuiwe mlangoni, kifo cha mtoto, cha uzazi au cha kujiua hakina kuiga marehemu.

Dada wa Area C
Ongeza kwamba mtani asiyechimba, asiyeteka maji wala kupika, asidai hata shilingi.

Mwana Bahi
Naunga mkono. Ila sentensi yake bado ipo pale juu.

Dada wa Area C
Siifuti, mtani. Uwele kwetu Iringa sina, nitakuletea debe la mahindi.