Kituo cha michezo cha mtaa: kila uongozi mpya na mchoro mpya, jengo hakuna

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimetoka kwenye kikao cha kamati ya ujenzi wa kituo chetu cha michezo na burudani, tumeambiwa bila haya kwamba "mchakato unaanza upya". Upya! Watoto waliotajwa kwenye barua za kwanza za kuomba kiwanja sasa wana watoto wao.

Kwa wageni wa sakata hili: tulichanga wenyewe. Kiwanja tulikihangaikia wenyewe mpaka kikapimwa na mawe ya mipaka yakawekwa. Ukatoka mchoro wa kawaida tu, wenye ukumbi, chumba cha vijana, maktaba ndogo na uwanja. Kibali kikapatikana, msingi ukachimbwa, nguzo zikasimama hadi usawa wa kifua. Uongozi ukabadilika. Wapya wakasema mchoro ule hauna hadhi, ukalipiwa mwingine, na huku nyuma kibali kikaisha muda wake. Kuomba kipya, ada. Kupima udongo tena, ada. Uongozi wa tatu nao ukaja na wake, huo una bwawa la kuogelea. Bwawa! Choo cha mafundi tu kilitushinda.

Nendeni mkaone nondo. Zimechomoza juu ya nguzo, zinapigwa mvua na jua, ukizigusa kutu inabanduka magamba. Fundi aliyepita pale alisema wazi kwamba kabla ya kumwaga zege jingine lazima zisuguliwe, zipimwe unene, na zilizoliwa sana zikatwe ziungwe mpya. Nani atalipa? Ni sisi, walewale tuliokwisha kuzilipia.

Kinachonichefua zaidi ni wimbo wa "fedha hazitoshi kwa jengo lote". Nani kasema lote? Uwanja wa kikapu ni mita 28 kwa 15. Wa wavu ni 18 kwa 9, na ukiacha mita 3 kila upande unapata 24 kwa 15, yaani unaenea ndani ya sakafu ileile. Ni kuchora mistari ya rangi mbili na kuweka nguzo za wavu za kuchomoa. Tungemwaga sakafu moja, tukaweka taa, uzio na choo, vijana wakacheza huku ukumbi ukisubiri zamu yake. Nilipolisema hili kikaoni nikajibiwa eti "litaharibu mandhari ya mradi". Mandhari gani jamani? Majani yamefika kiunoni!

Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, ya kiwango cha kati hadi ya nguvu. Wetu wanazipata barabarani, mmoja akiwa zamu ya kupiga kelele "gari!". Na kuna mheshimiwa wetu mmoja ambaye kila siku ya kuchangisha hutusomea kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kile cha haki ya kupumzika na kucheza. Anakisoma vizuri sana, sauti anayo. Akishapigiwa makofi humwoni tena mpaka mchango mwingine.

Sasa tuje kwenye hela. Kila tukiuliza mapato na matumizi, "taarifa inaandaliwa". Tukiomba kuona hati ya kiwanja tunaonyeshwa nakala iliyofifia, jina la mmiliki halisomeki. Hapo ndipo usingizi unanipaa. Kiwanja kitupu kina wapenzi wengi, na kama hati haiko kwa jina la chombo cha wakazi, siku moja tutakuta ukuta wa mtu na mlinzi anatuuliza tunatafuta nani.

Kikao kijacho siendi kutazama mchoro wa nne. Naenda kudai hati halisi na taarifa ya benki viwekwe mezani, na visipokuwepo hakuna ajenda nyingine itakayojadiliwa. Wenye stakabadhi za michango, hata zile zilizochakaa, zipigeni picha mziweke hapa, ila zibeni majina. Nawe mweka hazina wa awamu iliyopita, najua unasoma kimyakimya: lile daftari uliloondoka nalo tunalihitaji.