Gari linapochomoka mbele ya pikipiki: kwa nini dereva "haoni", breki au kukwepa, na fundi aanzie wapi?

Njia_Panda

Wakuu, salaam. Naomba tuichambue ajali ya aina moja tu. Pikipiki iko barabara kuu, mwendo ni kilomita 50 hadi 60 kwa saa, taa inawaka, mchana kweupe. Gari limesimama kwenye barabara ndogo likisubiri kuingia. Dereva anaangalia huku na huku, kisha anachomoka. Pikipiki inaingia ubavuni, karibu na tairi la mbele la gari. Dereva anashuka akisema "sikumwona", na pengine hadanganyi.

Maswali yangu: mtu anaangaliaje upande ambao pikipiki inatokea na asiione? Kati ya kufunga breki na kukwepa, kipi kinafaa? Na pikipiki ikishagonga kwa mbele, inakaguliwaje? Mafundi wengine wanabadilisha shokapu na taa, wanasema iko poa.

Gia_ya_Tatu

Mkuu, nianze na hilo la kutoonekana, maana ukilielewa utaendesha tofauti.

Pikipiki inayomjia dereva moja kwa moja haikatizi kulia wala kushoto machoni pake. Inabaki palepale, inakua kidogo kidogo, halafu sekunde mbili za mwisho ndipo inavimba ghafla. Jicho hunaswa na kitu kinachokatiza. Tena mtu anapogeuza macho haraka, ubongo hauchukui picha wakati macho yanakimbia. Anaona pale yalipotua tu, sehemu za katikati anajijazia mwenyewe. Kitu chembamba kikiangukia katikati, kwake hakipo. Ongeza nguzo ya pembeni ya kioo cha mbele, ambayo inaficha pikipiki nzima na mtu wake. Na hata akiiona, kitu kidogo hukadiriwa kuwa kiko mbali kuliko kilivyo, kwa hiyo anajiambia "nawahi".

Si jambo jipya. Timu ya Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California ilichunguza ajali 900 hivi za pikipiki eneo la Los Angeles, ripoti ikatoka 1981. Kwenye ajali zilizohusisha gari, takriban theluthi mbili gari ndilo lililoingilia njia ya pikipiki.

Sasa vitendo. Ukiona mdomo wa barabara ndogo una gari, sogea upande wa mbali nao ndani ya njia yako. Kule kusogea kwenyewe kunasaidia, kwa sababu sasa unakatiza machoni pa dereva. Weka vidole viwili kwenye breki ya mbele. Na usimwangalie dereva usoni. Anaweza kukutazama machoni na bado asikuone. Angalia tairi lake la mbele, sehemu ya juu. Juu ya tairi husogea kwa kasi mara mbili ya gari lenyewe, hivyo utagundua limeanza kuzunguka kabla bodi haijaonekana kusogea.

Halafu mwendo. Chukua sekunde 1 ya kushtuka, lami kavu, breki nzuri. Ukiwa 50 unahitaji kama mita 28 kusimama: 14 zinaliwa na kushtuka, 14 na breki. Ukiwa 60 unahitaji 37. Watu husema "ni kumi tu hizo". Pale ambapo wa 50 amesimama kabisa, wa 60 bado anapita na mwendo wa 40.

Spana_Kumi

Naongezea kwenye breki. Kosa kubwa ni kukanyaga ya nyuma peke yake. Ukifunga breki uzito mwingi unahamia mbele, tairi la nyuma linabaki jepesi, linajifunga na kuteleza bila kupunguza mwendo wa maana. Kazi kubwa inafanywa na ya mbele. Lakini usiinyakue! Ivute kidogo kwanza mpaka shokapu zizame na tairi likandamizwe kwenye lami, kisha endelea kukaza kwa nguvu. Yote hayo yasizidi nusu sekunde. Tairi la mbele likijifunga kwa pikipiki isiyo na ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga), achia papo hapo na uvute tena.

Kuna wanaofundisha "ilaze pikipiki chini uteleze". Achaneni na hilo. Mpira kwenye lami unashika kuliko chuma na plastiki, kwa hiyo ukiilaza unafika kwenye gari na mwendo mkubwa zaidi, tena bila usukani.

Njia_Panda

Asante mkuu. Na kukwepa je, mbele ya gari au nyuma yake?

Spana_Kumi

Nyuma, kama pana nafasi, maana gari linaondoka pale. Shida ni kwamba dereva akishtuka husimama katikati, gari linaziba kote. Usibane breki huku unalaza pikipiki kukwepa: tairi halina mshiko wa kutosha kwa kazi mbili. Punguza mwendo, achia breki, ndipo ukwepe. Kukwepa kulia, sukuma mkono wa kulia wa usukani mbele. Pikipiki italalia kulia. Hili lifanyiwe mazoezi kwenye uwanja mtupu, haliji lenyewe siku ya siku. Kama hakuna nafasi, baki na breki mpaka mwisho. Kugonga na mwendo wa 20 si sawa na kugonga na 45.

Zamu_ya_Usiku

Niingie kwa upande wa majeruhi. Akisimama na kusema yuko sawa, mkalisheni au alale hapohapo asitembee. Mshtuko wa mwili huficha maumivu. Zimeni pikipiki, wekeni mtu wa kusimamisha magari.

Kofia isivuliwe kama anapumua vizuri. Ivuliwe tu ikiwa hapumui au anapaliwa na matapishi na hakuna njia nyingine, na wawe watu wawili: mmoja anashika taya na shingo kutokea chini visicheze, mwingine anatanua pande za kofia na kuivuta taratibu. Damu inayotoka ibanwe kwa kitambaa bila kufunuafunua. Asipewe maji wala chakula, huenda akahitaji upasuaji.

Ajali hii ina majeraha yake. Mtu anapotupwa mbele, nyonga hugonga tangi la mafuta, na usukani humpiga tumboni. Nyonga zikiuma, msimgeuzegeuze. Maumivu ya tumbo upande wa kushoto, au bega la kushoto linalouma bila kuguswa, yanaweza kuwa wengu linavuja damu ndani: hospitali haraka, hata kama ngozi haina mkwaruzo. Vilevile akitapika, akisinzia isivyo kawaida au kichwa kikizidi kuuma baadaye.

Kofia iliyogonga kitu haivaliwi tena. Povu gumu la ndani likishabonyea halirudi, hata kama nje inang'aa.

Fundi_Spoki

Shokapu na taa ni mwanzo tu, Njia_Panda. Anza na shingo ya fremu, pale usukani unapopita. Futa vumbi, mulika tochi kwenye maungio: rangi iliyokunjamana au kupasuka ni dalili kwamba chuma kimekunjwa. Kisha geuza usukani mpaka mwisho pande zote uone kama tairi linakaribia injini au bomba la moshi kuliko zamani.

Inua tairi la mbele hewani, geuza usukani polepole. Ukishika kidogo katikati, beringi za shingo zimepata vishimo kwa ule mgongano. Zungusha ringi huku umeshikilia kalamu karibu na ukingo. Ikicheza zaidi ya milimita 2 hivi, inyooshwe kwa kurekebisha spoki. Ringi ya kumimina ikiwa na ufa haichomelewi, inatupwa.

Shokapu zitoe, viringisha bomba juu ya kioo. Mwanga ukichungulia chini yake, limepinda. Kulinyoosha ni kazi bure, kwani lile ganda linalong'aa hupasuka na kula sili (mpira unaozuia mafuta ya shokapu kuvuja). Ila kama mabomba yamenyooka na usukani tu uko upande, huenda yamejisokota kwenye vibano vinavyoyashika: legeza boliti za vibano na ekseli, nyoosha, kaza upya.

Mwisho uzi: ukaze pande zote mbili za tairi la nyuma, uvute hadi mbele. Nafasi kati ya uzi na tairi la mbele ilingane kushoto na kulia.

Alama_za_Lami

Kabla fundi hajagusa, pigeni picha: mahali vyombo vilipoishia, vioo vilivyomwagika, na mtazamo kutoka kiti cha dereva. Balbu ya taa ya mbele, kama ni ya waya, msiitupe. Waya uliokuwa unawaka wakati wa kugonga huwa laini na hunyooka. Uliokuwa umezimwa hukatika mkavu. Ndilo jibu la "hakuwa na taa".

Angalieni pia hesabu ya alama ya tairi. Urefu kwa mita, zidisha 254, zidisha mshiko wa lami (namba ya msuguano kati ya tairi na lami), tafuta kipeuo cha pili, unapata mwendo kwa kilomita kwa saa. Alama ya mita 12 kwa mshiko wa 0.7 inatoa 46. Lakini alama nyingi za pikipiki ni za tairi la nyuma peke yake, ambako mshiko unaofaa ni nusu ya huo, na jibu linakuwa 33. Mkaguzi akitumia 0.7, muulizeni breki zote mbili zilifungwa kwa ushahidi gani. Mwendo uliobaki wakati wa kugonga nao uhesabiwe, ila msiujumlishe moja kwa moja: zidisheni kila mwendo kwa wenyewe, jumlisheni, kisha mtafute kipeuo cha pili, maana alama inaeleza tu kile kilichopotea kabla ya hapo.