MREJESHO: Nyumba ya Kibaha niliyojenga na mzazi mwenzangu

Wakuu, niliuliza kama mwenzangu anaweza kuuza nyumba yetu peke yake, maana hatukufunga ndoa na hati ina jina lake. Mlioniambia nione mwanasheria, asanteni sana. Kumbe Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inawadhania kuwa mume na mke watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi wakajulikana hivyo. Sisi tuliishi tisa! Ila kilichomlainisha mwenzangu ni risiti za saruji na nondo nilizoficha kwenye ndoo ya unga. Tumeuza, hela zikapokelewa mbele ya mwanasheria, tukagawana nusu kwa nusu. Dalali alitaka asilimia kumi, nikampa tano, kanuna. Mimi na watoto tumepanga Mlandizi.