Rafiki yangu fundi amefariki na kuacha nguo 11 alizokwisha kata. Nizimalizie au nirudishe vitambaa?

Fundi wa Mbuyuni:

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Naomba mnivumilie, maelezo ni marefu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi mjini, jirani na soko la Mbuyuni. Kwa miaka 9 nimekaa kibaraza kimoja na rafiki yangu. Yeye mtu wa Kibosho, mimi Mpare wa Same. Tulikutana tukiwa vijana wa kufagia na kupiga pasi kwa fundi mmoja mzee, tukatoka pale pamoja. Kodi ya fremu tuligawana, ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, tulinunua nusu kwa nusu. Akipata sare za kwaya ananipa nusu ya kazi. Mimi nikipata sare za shule Januari namwachia sketi, kwa sababu kwa marinda hakuna aliyemfikia mtaa mzima. Mwishoni mwa Oktoba amefariki. Alikuwa na miaka 33.

Kichwa kilianza kumuuma Jumatatu. Akawa anameza vidonge vya dukani na kuendelea na kazi. Alhamisi usiku shemeji, mke wake, akanipigia simu: ameanguka, mdomo umekwenda upande, hasemi. Ijumaa alasiri akatutoka. Daktari alisema ni kiharusi, presha ilikuwa juu sana, na pengine ilikuwa hivyo kwa muda mrefu. Hakuna kati yetu aliyekuwa anajua, hata yeye. Tulimzika kwao, mgombani, pembeni ya baba yake. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, udongo unateleza, vijana wanashikana mikono kulishusha jeneza.

Sasa yanayonisumbua.

Kwenye rafu yake kuna nguo 11 alizokwisha kata. Kila moja ameikunja, akaifunga kwa utepe wa kitambaa chenyewe na kuchomekea karatasi yenye jina na tarehe. Nyingi ni za Krismasi. Mnaoijua Moshi mnaijua Desemba: watu wanapanda nyumbani kutoka Dar na kila kona ya nchi, huku ubatizo, kule harusi, na fundi halali. Wateja wameanza kuja. Wanasimama mlangoni wanalia, wananishika mkono, halafu kwa aibu wanauliza, "Na gauni langu je?" Siwalaumu. Wametoa advansi.

Nimejaribu mara tatu kufungua furushi moja. Nikiona chaki yake nashindwa.

Niwaeleze kuhusu hiyo chaki. Mimi nikikata naacha nusu inchi ya mshono, basi. Yeye aliacha inchi nzima, mbavuni hata inchi moja na nusu, na ukingoni aliandika neno kwa chaki ili akumbuke kwa nini. "Anakua." "Ana mimba." "Alikuwa anaumwa, atanenepa." Nguo yake ukiifumua baada ya miaka miwili unaiachia, mtu anaivaa tena. Watoto wangu wote wawili wamevaa mashati ya namna hiyo.

Na hilo ndilo nililomgombeza nalo. Jumatano, siku moja kabla hajaanguka, nilimwambia mbele ya mteja kwamba ukataji wake unakula vitambaa vya watu na siku moja utatukimbizia wateja. Akanyamaza. Halafu akasema tu, "Mtoto atakua, kaka." Jioni kila mmoja akaenda stendi kivyake. Miaka yote tulikuwa tunasindikizana.

Naomba ushauri wenu:

Nizimalizie, au niwarudishie watu vitambaa vyao vikiwa vimekatwa hivyo hivyo? Nikizimalizia, nishone kwa mkono wake au wangu?

Kaka wa marehemu alikuja na guta kuchukua cherehani. Nilikataa kufungua mlango. Amesema mimi si wa ukoo, sina sauti. Shemeji yeye ananyamaza tu. Ana watoto wawili.

Kuna binti alikuwa akijifunza kwake mwaka wa pili sasa. Anakuja kila asubuhi, anakaa, anakunja pindo, anaondoka. Sijui nimwambie nini.

Na furushi moja halina jina.

Mama Uru:

Pole sana mwanangu. Pole na shemeji yako, pole na huyo mama aliyezaa.

Nitasema kama mteja. Fundi wangu wa zamani alifariki akiwa na kitenge changu, mama yangu alikuwa amenichagulia. Ndugu walikuja, wakatia kila kitu kwenye viroba. Hadi leo sijui kilikwenda wapi. Hela yangu sikuiulizia hata siku moja. Ningepewa lile gauni hata likiwa limepinda, ningelitunza, kwa kuwa mkono wa fundi wangu umo. Maliza, mwanangu.

Kijana wa Pasua:

Mkuu, natofautiana kidogo na mama, kwa heshima. Wewe mwenyewe umefiwa. Kama mikono inatetemeka, rudisha vitambaa, watu wataelewa. Nguo si jeneza kwamba lazima lifike. Nilipofiwa na mwenzangu wa gereji nilijilazimisha kumalizia gari alilokuwa ameliweka juu ya mawe, nikakosea breki. Mungu alisaidia tu likagundulika mapema.

Fundi wa Mbuyuni:

Kijana wa Pasua, asante, nimekuelewa. Nimelifikiria hilo la kurudisha. Lakini kitambaa kilichokwisha katwa ukimpelekea fundi mwingine, la kwanza atakalofanya ni kukipunguza kiingie kwenye vipimo vyake. Zile inchi zitaishia sakafuni.

Sindano Kumi:

Kaka, mimi fundi mwenzako niko Arusha, Ngarenaro. Pole.

Hayo uliyomjibu kijana yameshakujibu na wewe. Unazimalizia, na kwa mkono wake. Nikupe utaratibu.

Usianze na gauni. Anza na shati la mtu mzima lisilo na mambo mengi, lile ambalo hata ukiwa umefumba macho mguu unajua pedali. Ukishona moja, la pili litakuja.

Kabla hujaunga chochote, tandaza kila kipande juu ya karatasi ya kaki, hata gazeti, uchore ukingo wake wote. Maneno yake ya chaki yanakili kwa kalamu pale pale alipoyaandika. Chaki ni ya kupita, pasi na brashi vitaiondoa, na mteja hawezi kuvaa gauni limeandikwa "ana mimba." Ukimaliza utakuwa na nguo 11 za wenyewe na solo 11 za mwenzako, yaani michoro ya karatasi ya kukatia. Solo hizo zinakili tena, zikunje, mpe shemeji seti moja, nyingine ibaki kwenye fremu.

Mshono wake usiuguse. Kama ameacha inchi moja na nusu, pita na ovaloki ukingoni, laza kwa pasi, acha ilale humo ndani. Ni ya siku nyingine.

Na huyo binti mpe kazi leo leo, asikae na pindo tu. Amemwangalia marehemu akikata kwa miaka miwili, kuna vitu anavyo yeye ambavyo wewe huna, kwa sababu wewe ulikuwa umegeukia cherehani yako. Muulize.

Mtu wa Mirathi:

Poleni. Nitagusa cherehani tu.

Vitambaa ni mali ya wateja, haviingii kwenye mirathi kabisa. Advansi walizotoa ni deni la marehemu. Ukizimalizia, andikianeni na shemeji yako: nguo ya nani, advansi kiasi gani, baki kiasi gani, na baki hilo mnagawanaje. Mwenyekiti wa mtaa aweke sahihi na muhuri.

Cherehani ni mali ya marehemu. Kaka hawezi kuibeba kwa guta, na wewe huwezi kuizuia kama yako. Ulifanya vizuri kutofungua, lakini usibaki hapo. Ukoo ukae kikao, waandike muhtasari unaopendekeza msimamizi wa mirathi. Anaweza kuwa mjane mwenyewe, hakuna sheria inayomkataza. Shemeji afuatilie cheti cha kifo RITA, kwenye ofisi ya usajili wa vifo. Wengi wa huku huanzia Mahakama ya Mwanzo, na karani atawaambia kama shauri lenu ni la pale au la ngazi nyingine. Pale Mwanzo msimamizi akishateuliwa ana miezi 4 ya kupeleka orodha ya mali na madeni yote. Nusu ya ovaloki nayo iandikwe humo, usiifiche hata kwa nia njema.

Na kaka wa marehemu usimfanye adui. Huenda naye anatafuta kitu cha mdogo wake cha kushika.

Nesi wa Zamu:

Pole kaka. Naona unairudia ile Jumatano na kile kichwa cha Jumatatu kila siku. Presha ya juu kwa wengi haina dalili. Mtu anafanya kazi, anacheka, anakula, na mishipa inaumia taratibu. Usingeiona kwa macho, na maneno yako ya Jumatano hayakuipandisha ikawa ya kuua.

Ila mkao wenu ulikuwa ule ule, pedali ile ile, chai ya sukari nyingi, chipsi saa nane: wewe nawe nenda kapime. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, onana na daktari uanze kufuatiliwa. Ukiwa na miaka thelathini na kitu si kinga. Na wote mnaosoma: mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakikwama ghafla, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama dakika kumi baadaye vinaonekana kurudi sawa.

Mzee wa Old Moshi:

Mwanangu wa Same, nimesoma yote. Wenzangu wamesema ya cherehani, mimi nina neno juu ya ile Jumatano.

Sisi Wachaga mtu akikosana na mwenzake anachukua jani la isale, analipeleka, na anayepelekewa isale hana ruhusa ya kukataa. Ndilo tunalopanda mpakani na ndilo tunalopanda makaburini. Aliyekufa hawezi kulipokea kwa mkono, lakini mama yake yupo. Nenda Kibosho. Mwambie mama maneno uliyomwambia mwanae, usipunguze. Ukishamaliza, lipande pale kaburini, linashika kwa kijiti tu, udongo wa mvua ndio linaoutaka.

Usiende mikono mitupu, na usiende na watu wengi.

Fundi wa Mbuyuni:

Shikamoo mzee. Wakuu, asanteni nyote, narudi na mrejesho baada ya siku 12.

Nilikwenda Kibosho Jumapili baada ya ibada, na sukari na mchele, peke yangu. Nilimwambia mama kila neno. Alinisikiliza hadi mwisho, akalichukua lile jani, akakaa nalo mapajani muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba yeye ndiye aliyemfundisha mwanae kuacha mshono mpana. Walikuwa watoto 6, na shati moja lilikuwa linapita kwa wote, kila mmoja anafumuliwa na kushonewa tena. Miaka 9 sikuwahi kumuuliza. Tulipanda isale pamoja, yeye akishindilia udongo kwa kisigino.

Kaka yake alikuwepo. Hatujaelewana sana lakini kikao cha ukoo kimepangwa, na amekubali cherehani ibaki kwenye fremu mpaka wakati huo. Shemeji safari hii amesema mwenyewe kwamba anataka jina lake lipendekezwe.

Presha nimepima. Ya kwanza 150 kwa 96. Nimeambiwa nirudi.

Nguo, nimemaliza 10. Solo zote nimechora. Sindano Kumi, ulisema kweli juu ya yule binti. Nilipomuuliza kuhusu kola moja niliyokuwa siielewi, akaigeuza, akasema "alikuwa anaanza huku." Kumbe kola alikuwa anaanzia katikati ya shingo kwenda pembeni, mimi naanzia ncha. Sasa binti anashona magauni ya watoto, mimi namkagua, na mara nyingi sina la kurekebisha.

Limebaki lile furushi lisilo na jina. Kitenge cha bluu chenye majani ya njano, gauni la mama mtu mzima. Kifua 42, kiuno 38, hipsi 46. Nimepitia madaftari yake yote ya vipimo na shemeji, hakuna namba zinazolingana. Kwapa la kulia amelikata pana kuliko la kushoto, na zipu ameiweka mbele badala ya mgongoni. Ukingoni ameandika kwa chaki, "Mkono haunyanyuki."

Nimeanza kuliunga jana. Kwapa nimeliacha kama alivyolikata. Kama kuna anayemjua mama wa hapa Moshi au vijiji vya jirani ambaye mkono wake wa kulia haunyanyuki, na aliacha kitenge cha bluu kwa fundi wa Mbuyuni kabla ya Novemba, tafadhali mwambieni aje. Hadaiwi kitu. Kama hawezi kufika mjini, niambieni alipo nitampelekea.